Ng'ombe wa Tarime na Mikorosho ya Newala: Nani Awe na Sauti Nyumbani?

SWALI

Mama Mshauri, shikamoo.

Mimi ni mwanamume wa miaka 34, mzaliwa wa wilaya ya Tarime mkoani Mara, na kwa sasa ninafanya kazi ya uhasibu katika kampuni moja ya uwakala wa meli hapa Mtwara mjini. Nina mchumba, binti wa Kimakonde kutoka Newala, ambaye ni afisa ugani wa kilimo. Tumekubaliana kuoana baada ya msimu huu wa korosho, lakini mambo yameingia mchanga na sijui kosa langu liko wapi.

Tangu tulipojuana sijawahi kumwacha alipe chochote tunapokuwa pamoja. Kodi ya chumba chake ninalipa mimi. Akichelewa kurudi kutoka vijijini ninampigia simu dereva wa bodaboda ninayemwamini amfuate, hata kama hajaniomba. Nimemwambia kwamba tukishaoana aache kazi hiyo ya kupanda pikipiki kutoka shamba hadi shamba kwenye vumbi na dawa ya salfa ya mikorosho, akae nyumbani kwangu Mtwara, na mimi nitabeba kila kitu. Nilitegemea afurahi. Badala yake alinijibu, "Unanitunza vizuri, lakini hujawahi kuniuliza ninataka nini." Maneno hayo yaliniumiza, kwa sababu ninawafahamu wanaume wengi wasiowapa wachumba wao hata nauli.

Jambo la pili ni la familia. Mama yake na mjomba wake wanataka tuwe na makazi pale Newala, katika nyumba aliyoijenga mchumba wangu mwenyewe kwenye kiwanja cha mama yake, na wanasema watoto watakuwa wa ukoo wao. Baba yangu alikuwa ameandaa ng'ombe 15 wa mahari. Nilipomweleza mjomba alicheka, akasema wao wanahitaji mahari ndogo ya kuonyesha heshima tu, kwa sababu kwao binti haondoki bali mkwe ndiye anayekaribishwa. Baba aliposikia alinijibu kwamba mwanamume anayelala katika nyumba ya mkewe hana sauti, na ndugu zangu sasa wananicheka. Mimi mwenyewe nimechanganyikiwa, maana watu wa kazini waliniambia kwamba wasichana wa huku wamechezwa unyago, hivyo ni watulivu na wanamtii mume.

Mwezi uliopita nilimshauri auze mikorosho aliyoachiwa na bibi yake mzaa mama ili tujenge Mtwara, au basi tuiandikishe kwa jina langu niisimamie. Tangu siku hiyo ananisalimia tu, hatuzungumzi.

Naomba unieleze: je, familia hii inataka kunimeza? Kichwa cha nyumba awe nani? Au nimwache nikatafute binti wa nyumbani tunayeelewana kwa mila?

Mkurya wa Mtwara mjini

JAWABU

Marahaba, mwanangu. Barua yako umeiandika kwa uaminifu, ila umeipanga kinyume: jambo zito kuliko yote umeliweka karibu na mwisho, kwa maneno machache, kana kwamba ni la kupita. Mchumba wako aliyavumilia ya ng'ombe, ya baba yako na hata ya ndugu zako wanaocheka. Alinyamaza siku ulipomtaka auze mikorosho ya bibi yake au aiweke kwa jina lako. Kwa hiyo nitaanza na mikorosho.

Wewe unaiona mikorosho hiyo kama mtaji uliolala. Kwa mtu wa Newala, mikorosho iliyotoka kwa bibi mzaa mama ina wenyewe wengi zaidi ya yule anayeipalilia leo. Ilipandwa na mwanamke, ikatunzwa na binti yake, na imemfikia mchumba wako kwa sababu ukoo wa Kimakonde huhesabiwa kwa upande wa mama. Kila mwaka, minada ya korosho inapofunguliwa mwezi wa Oktoba na malipo yanapoingia benki kupitia chama cha msingi cha ushirika, fedha hiyo huenda kwa mama yake, kwa ada za shule za wadogo zake na kwa yeyote anayeugua katika ukoo. Ulipomwambia auze, ulimwambia auze pia mahali ambapo ndugu zake wangekimbilia wakikwama. Tena ulimwambia hivyo kabla ya ndoa, wakati ambapo wewe ulikuwa hujaweka rehani chochote cha kwenu. Angekuja Tarime akamshauri baba yako auze zizi lote, au aliandikishe kwa jina lake ili alisimamie, baba yako angeliitaje ombi hilo? Sidhani kama angeliita mapenzi.

Ninaamini unampenda, na sisemi hivyo kwa kukupoza. Lakini kuna aina ya upole ambayo hutoka katika imani ileile inayozaa ukali, na wataalamu wameichunguza kwa muda mrefu. Wanasaikolojia wawili wa Marekani, Peter Glick na Susan Fiske, waliandika mwaka 1996 kwamba ubaguzi dhidi ya wanawake una nyuso mbili. Uso mmoja ni wa chuki na dharau, ambao kila mtu huutambua. Uso wa pili ni wa wema: mwanamke ni dhaifu na wa thamani, hivyo alindwe, atunzwe, asisumbuliwe na maamuzi. Mwaka 2000 wao na wenzao walitoa matokeo ya utafiti uliohusisha watu zaidi ya 15,000 katika nchi 19, na wakaona kwamba nyuso hizi mbili hutembea pamoja, kwa maana kwamba nchi ambazo uso wa chuki ulikuwa na nguvu ndizo ambazo uso wa wema nao ulikuwa na nguvu, na ndizo ambazo wanawake walikuwa nyuma zaidi katika siasa na uchumi. Waliona pia kwamba katika baadhi ya nchi wanawake wenyewe waliukubali uso wa wema kuliko hata wanaume, jambo ambalo halinishangazi, kwa kuwa anayeishi kati ya wanaume wakali humshukuru yule anayemlinda.

Usinielewe vibaya ukadhani kwamba kulipa kodi ya chumba cha mchumba ni dhambi. Mimi mwenyewe nimelelewa Lindi, na mwanamume ambaye mkono wake haufunguki tulimsema vibaya sana visimani. Ninachotaka ukitazame ni kile kinachotokea pale anaposema hapana. Akikwambia leo atarudi kwa gari la abiria pamoja na wenzake, je, unaikubali kauli yake, au bodaboda inatumwa vilevile? Wewe mwenyewe umeandika kwamba hutumwa hata asipoomba. Akikwambia kazi yake anaipenda, je, unamuuliza sababu, au unamhesabia vumbi na salfa? Afisa ugani anayewafundisha wakulima jinsi ya kupambana na ubwiri unga, ule ugonjwa wa mikorosho, mwezi wa Juni na Julai, na ambaye mavuno ya vijiji vizima yanategemea ushauri wake, hajioni kama mtu anayeteseka juu ya pikipiki. Anajiona kama mtu anayehitajika. Kumwondoa pale kwa nia njema ni kumwondoa pale tu, na yeye amelijua hilo kabla yako.

Sasa nije kwenye mila zako, maana umeandika kana kwamba mila ya kwenu ni moja na haipindi. Ninyi Wakurya mnayo ndoa ya nyumba ntobhu. Mwanamke asiyejaliwa mtoto wa kiume, mara nyingi mjane, hutoa ng'ombe na kuoa mwanamke mwingine, na watoto watakaozaliwa huwa wa nyumba yake. Hakuna mzee wa Tarime anayeona ajabu mwanamke huyo akitoa maamuzi ya nyumba. Kwa nini? Kwa sababu ng'ombe walitoka zizini kwake. Hii ina maana kwamba hata kwenu kinachotoa sauti ni mali iliyotolewa, wala si ndevu. Baba yako analifahamu jambo hilo vizuri, na ndiyo maana anaogopa ukilala katika nyumba ambayo hukuijenga. Ninadhani wewe pia unaogopa hivyo hivyo, na kwamba lile pendekezo la kuandikisha mikorosho kwa jina lako lilitoka kwenye woga huo kuliko kwenye hesabu za ujenzi. Woga huo si aibu, lakini ungemwambia mwenyewe ingekuwa nafuu kuliko kumwomba hati.

Hao wa kazini waliokuambia kwamba binti aliyechezwa unyago humtii mume wamekupa nusu ya habari, na wengi wao, ninavyofahamu wanaume wa ofisini, hawajawahi hata kuketi karibu na makungwi. Unyago wa huku humfundisha mwali usafi, adabu kwa wakubwa na namna ya kuishi na mume. Humfundisha vilevile, kwa nyimbo na kwa mafumbo, kwamba nyuma yake wapo mama, makungwi na wajomba ambao watauliza siku akirudi analia. Utiifu unaoutarajia si kitu ambacho mwanamke huzaliwa nacho. Mwaka 2009 wachumi Uri Gneezy, Kenneth Leonard na John List walichapisha jaribio walilofanya kwa Wamasai wa hapa kwetu Tanzania, ambao ukoo wao hufuata baba, na kwa Wakhasi wa kaskazini mashariki mwa India, ambao ukoo na urithi wao hufuata mama. Kila mshiriki alirusha mipira kwenye ndoo na kuchagua alipwe kwa kila mpira ulioingia au ashindane na mtu mwingine ili mshindi achukue zaidi. Kwa Wamasai, wanaume waliochagua kushindana walikuwa takribani nusu, ilhali wanawake walikuwa karibu robo. Kwa Wakhasi, wanawake waliochagua kushindana walikuwa wengi kuliko wanaume. Mchumba wako amelelewa katika nyumba ambayo mwanamke hupanga, huhifadhi na hujenga. Usimshangae anapofanya aliyoyaona tangu utoto.

Hata hivyo, sitaki uondoke hapa ukidhani kwamba ninakuambia mila za kwao zote ni njema na wewe uinamishe kichwa tu. Mfumo wa ukoo wa mama una magumu yake, na mkwe mgeni ndiye huyaonja kwanza. Sauti anayoikosa mume mara nyingi haiendi kwa mke, huenda kwa mjomba, naye mjomba ni mwanamume kama wewe. Sara Lowes, mchumi aliyefanya utafiti na wanandoa mjini Kananga katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, eneo ambalo limo katika ule ukanda wa koo za mama unaotoka upande wa Angola hadi huku kwetu kusini na Msumbiji, aliona kwamba wanawake wa koo za mama wana uhuru zaidi na watoto wao hunufaika, lakini mume na mke hushirikiana kidogo katika fedha, kwa sababu kila mmoja anautazama ukoo wake. Nimeyaona hayo Newala na Tandahimba bila kuhitaji mtafiti: mume anaficha fedha ya korosho kwa ajili ya dada zake, mke anaficha yake kwa ajili ya kaka zake, na watoto wanasubiri daftari. Kwa hiyo una haki kamili ya kuuliza kwamba, ukijenga au ukiongeza chumba kwenye kiwanja cha mama mkwe, jasho lako litahesabiwa wapi. Una haki ya kuuliza kama utaonwa kama baba wa watoto wako au kama mgeni aliyepita. Uliza hayo kwa heshima, na uyaulize mapema, kwa sababu watu wa huku hujibu vizuri wanapoulizwa kabla ya msimu, kabla fedha haijaingia na kelele zake.

Ukiuliza utakuta pia kwamba mambo yamekwisha badilika kuliko anavyodhani baba yako. Akina baba wengi wa Kimakonde siku hizi huwapa watoto wao wa kuwazaa mikorosho waliyoipanda wenyewe, dini zimeingiza taratibu zao za mirithi, na vijana wengi huanzisha nyumba zao mahali palipo na kazi. Mjomba aliposema kwamba mkwe anakaribishwa, inawezekana kabisa alikuwa anakufungulia mlango tu, wewe ukasikia unafungiwa. Kuhusu watoto, ukoo wa mama hauwafuti kwa baba. Wataitwa kwa jina lako, watakuja Tarime likizo, na watakuwa na mjomba Newala. Mtoto mwenye pande mbili za kukimbilia hajapungukiwa.

Sheria nitaigusa kwa ufupi tu. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inampa mke haki sawa na mwanamume ya kupata, kumiliki na kuuza mali, na inasema kwamba ndoa haibadilishi umiliki wa mali ambayo mtu alikuwa nayo. Mikorosho ile itabaki yake hata ukitoa ng'ombe 100. Sheria hiyohiyo haiifanyi ndoa kuwa batili kwa sababu ya mahari kutolipwa, kwa hiyo udogo wa mahari ya Newala hauipunguzii ndoa yako uzito wowote. Na kama ulikuwa unadhani kwamba mke akikaa nyumbani hajachangia kitu, Mahakama ya Rufani iliamua mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, kwamba kazi za nyumbani ni mchango katika mali iliyochumwa na wanandoa. Ungemwachisha kazi bado mngekuwa wawili katika kila tofali la nyumba yako ya Mtwara.

Umeuliza kichwa cha nyumba awe nani. Swali hilo, kwa namna ulivyoliuliza, halina jibu litakalowasaidia, kwa sababu kila mmoja wenu amelelewa na jibu tofauti na wote wawili mna mashahidi. Ligawanyeni. Kazi yake aamue yeye. Kazi yako uamue wewe. Mikorosho ya bibi isimamiwe na yeye na watu wake, nawe usiitaje tena isipokuwa ameomba ushauri. Wewe ni mhasibu na siku moja ataomba. Mahali pa kuishi kwa sasa ni Mtwara au Newala kulingana na kituo chake cha kazi na chako, na hilo mkae nalo kwa karatasi na kalamu, nauli, kodi na umbali vikiwa mezani. Nyumba yake ya Newala iwe mahali mnapofikia mkiwa likizo, nawe ukifika ulale bila kujihesabia aibu, kama ambavyo yeye atalala katika nyumba ya baba yako bila kudai kwamba amemezwa. Fedha ya kila mwezi wekeni mfuko mmoja wa nyumba, kila mtu akibakiza sehemu ya kusaidia kwao, na sehemu hiyo ijulikane kwa wote wawili. Hapo ndipo ndoa nyingi za huku huvuja, kwenye fedha ya kwao ambayo mwenzako haijui.

Kabla ya yote hayo nenda kwake. Usitume mtu, na usianze kwa zawadi. Mwambie kwamba pendekezo la mikorosho umeliondoa, kisha muulize lile swali ambalo alisema hujawahi kumuuliza, na umsikilize hadi amalize, hata kama majibu mengine hayatakupendeza. Akisema anataka kuendelea na kazi na akataka wewe ujifunze kuuliza kabla ya kutuma bodaboda, hilo ni dogo. Akisema kwamba hakuna jambo lolote, hata malezi ya watoto, ambalo mtaliamua bila mjomba, hapo ndipo mtakapokuwa na la kujadiliana kwa uzito, na mjadala huo ni mali yenu wawili kabla ya kuwa wa wazee.

Kuhusu kumwacha na kutafuta binti wa nyumbani, sikushauri kufanya hivyo kwa sababu uliyoitaja. Binti wa Tarime wa leo naye amesoma, ana kazi na pengine ana kiwanja, na ukimpelekea pendekezo la kuandikisha mali yake kwa jina lako atakunyamazia kama alivyokunyamazia huyu. Mwache huyu ikiwa tu, baada ya mazungumzo, utajikuta huwezi kuishi na mwanamke mwenye kauli juu ya vitu vyake. Hiyo itakuwa habari kuhusu wewe, na ni vyema aijue kabla ya harusi.

Baba yako usimdanganye. Mweleze kwamba ng'ombe 15 hawakuhitajika wote, umpe heshima ya kukubali wachache watakaopelekwa au thamani yao itakayotolewa kama mahari kwa kiasi ambacho mjomba atakitaja, na umwombe waliobaki wakae zizini kwa jina la wajukuu. Kisha panga safari yeye na mjomba waonane ana kwa ana, ikiwezekana kabla ya mwezi wa Oktoba, kwa sababu minada ikianza mjomba hatapatikana.